Jeli ya Kaka, Goti la Mama

6 Februari

Kaka yangu,

Sisi huku hatujambo, mradi goti la Mama usilihesabu. Anakusalimu. Anasema katika ile picha umenenepa shingo, na lile shati lazima alilichagua wifi maana lina adabu. Wifi na watoto wasalimie sana. Jirani wetu wa ukuta amefuga jogoo asiyejua asubuhi, anawika saa za watu kula, na Mama amemtishia sufuria hadi naona jogoo mwenyewe amezoea.

Saluni inakwenda. Meza ya kucha iko pale pale dirishani, na Mama anakaa na kigoda chake mlangoni akisalimiana na barabara nzima. Chupa zako za rangi ya jeli zilifika salama na basi. Nimeshampaka ile zambarau mpya, kwani utaratibu wa nyumba hii unaujua: rangi mpya haimgusi mteja kabla haijalala kidoleni kwa Mama. Anaionyesha kwa kila anayepita. Jana alimsimamisha mtu wa kusoma mita ya umeme, maskini, akasahau kusoma mita.

Haya, sasa lililoniandikisha. Ningekupigia, lakini sheria ya Mama unaikumbuka. Tangu siku ile tulipotukanana kwenye simu kwa ajili ya vitu vya marehemu Baba, yanayouma yaandikwe, simu ni ya kuulizana hali. Na hata ningevunja sheria, simu ikilia tu Mama anakuja na goti lake hilo na kudai niweke sauti kubwa naye asikie.

Chupa za zamani zilikuwa na maandishi nyuma, madogo kama chawa, lakini yalikuwepo. Hizi mpya zina ua la dhahabu mbele na ua la dhahabu nyuma. Kiwanda hakuna, kilichomo hakuna. Harufu yake pia si ile, hii inakaa kooni. Nauliza kwa sababu dada mmoja wa ofisi ya viwango amepita saluni zote za mtaa huu. Mpole, viatu vya bapa, haongezi sauti. Alisema kila chupa ya jeli lazima iandikwe kilichomo. Akasema kuna kitu kimoja wanakiita HEMA, kimewekewa kiwango, kwa sababu kikizidi, au kikigusa ngozi kabla hakijakaushwa na taa, mwili wa mtu unaweza kukikataa, na ukishakikataa umekikataa maisha. Mimi hema niliyoijua ni ya kulalia, nikacheka. Yeye hakucheka.

Alipoanza kuangalia rafu nilifunika chupa zako kwa taulo. Sijui kwa nini nilizifunika. Niambie tu kilichomo, nizirudishe mahali pake.

Mdogo wako,
Kitinda

23 Februari

Kitinda,

Barua yako imenikuta dukani watu wamejaa, nikaisomea nyuma ya maboksi kama mwanafunzi mtoro. Wifi yako amecheka mpaka akakaa chini. Anasema Mama ana macho, shati ni lake. Watoto wazima, yule mkubwa amepoteza jino la mbele na sasa analipisha wenzake waangalie pengo. Biashara hiyo hakuirithi kwa mbali.

Nina habari itakayomfanya Mama asahau hata jogoo. Nimepata daktari wa mifupa, mwenye jina, na nafasi ya kitanda mwezi wa Aprili. Anabadilishiwa goti, anawekewa la chuma. Daktari anasema baada ya miezi michache mtu anatembea hadi sokoni na kurudi bila fimbo. Unajua tangu lini Mama hajafika sokoni kwa miguu yake. Msomee sehemu hii polepole, na umshike asije akasimama kwa furaha akaanguka.

Wanataka kujua dawa anazotumia, na kama kuna chochote ambacho mwili wake haupatani nacho: chakula, dawa, plasta, gundi, chochote. Niandikie hayo usiache.

Kuhusu chupa, kiwanda kimebadilisha vifungashio. Ua linauza kuliko maandishi, na sijawahi kuona mwanamke anayesoma rangi kabla ya kupaka. Huyo dada wa viatu vya bapa analipwa kwa kuwatisha watu, asipotisha mtu atakula nini. Wewe paka, mimi niuze, kila mtu na kazi yake. Nakutumia katoni nyingine na taa mpya ya kukaushia.

Wasalaam,
Kaka yako

10 Machi

Kaka,

Salamu zako zote nimezifikisha. Mama alipokusikia kwenye ile barua hakuruka. Aliniambia nimsomee tena lile la sokoni. Tangu siku hiyo goti la chuma ndiyo hadithi ya mtaa. Fundi wa baiskeli ameshamwahidi kulitia grisi bure. Kila asubuhi Mama ananyoosha mguu kitandani akijifundisha, eti goti likija likute mguu una adabu.

Dawa ni zile za presha tu. Vingine hakuna.

Taa yako nimeipokea, asante, lakini sina raha nayo. Jeli inakauka juu, ndani inabaki mbichi. Nikiibinya na kijiti inabonyea. Nimeongeza muda, bado. Na nina jambo la mshonaji, yule wa duka la sare za shule, mteja wangu wa tangu mwanzo. Nilimpaka ile nyekundu. Amerudi ncha za vidole zimepasuka, zinawasha, hawezi kushika sindano. Alinionyesha bila kunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Anashona kwa kuvaa kifuniko cha kidole kwenye kila kidole na anasema ni kama kushona na vijiko.

Hujanijibu, Kaka. Nilikuuliza kilichomo, ukanijibu ua. Rangi hizi nimezisimamisha. Mama naye siku hizi hapaki, anasema amechoka na rangi. Hajambo.

Nijibu la chupa.

Kitinda

21 Machi

Kitinda,

Nisamehe kwa salamu fupi, huku mambo ni moto. Wote wazima.

Nisikilize vizuri. Chupa zote ulizonazo zitoe saluni, zifungie nyumbani chini ya kitanda. Usimpe mtu hata moja, si yule dada wa ofisi wala mwingine. Akikuuliza zimeisha. Je, umeongea naye tena? Hilo nijibu kabla ya mengine.

Na mshonaji wako, usikimbilie kuilaumu jeli. Sabuni zipo, rangi za vitambaa zipo. Au labda mkono wako umeshakuwa mzito na unapaka mpaka kwenye ngozi. Inatokea hata kwa mafundi wazuri. Ukipaka vizuri hakuna kinachomfikia mtu.

Mama apande basi la asubuhi la tarehe 4 Aprili. Nitampokea mwenyewe stendi. Upasuaji ni tarehe 17, lakini wanataka kumpima kwanza.

Kaka yako

29 Machi

Kaka,

Mama anakusalimu. Mimi nakusalimu kwa sababu nimelelewa.

Mkono wangu mzito? Mkono huu umesomesha watoto wa shangazi wawili. Naacha nafasi pembeni ya ngozi, nyembamba kama uzi, na ikitokea tone nalifuta kwa kijiti kabla ya taa. Hivyo nilifundishwa, na hivyo nawafundisha wengine. Ukitaka kuniambia kitu, niambie, lakini kazi yangu usiiguse.

Nimelibandua ua lako kwa mvuke wa birika. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, na lebo hiyo imekwanguliwa kwa wembe. Si mvua iliyoifuta, Kaka, ni wembe, mistari inaonekana. Kwa hiyo kuna aliyesoma kilichomo, akaona hakifai kusomwa na mimi. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe haina hata maandishi.

Yule dada wa viatu vya bapa sijaongea naye. Amepita mara nyingine nikajifanya nina mteja. Nimekuwa mtu wa kujificha kwenye saluni yangu mwenyewe, na sijui namficha nani.

Mama anakuja tarehe 4 kama ulivyosema. Kwenye mkoba wake mweusi kuna pipi za wajukuu, usiwaambie. Vidonge vya presha viko mfuko wa pembeni. Ukimwona amevaa glavu za pamba usimsumbue, mwache nazo. Kuna neno nataka kuliandika hapa. Nimelianza mara tatu kwenye karatasi nyingine nikachana. Nimeapishwa, na aliyeniapisha unamjua.

Mwangalie vizuri tu. Mwangalie kwa macho ya mtu asiyeuza kitu.

Kitinda

9 Aprili

Mdogo wangu,

Mama amefika salama. Alishuka kwenye basi kwa hatua za malkia, akakataa mkono wangu, akakubali wa mtoto. Pipi zimeshaisha, kwa hiyo siri hiyo ya mkoba haikudumu. Amemfundisha wifi yako kukunja shuka upya na nyumba nzima inakunja shuka upya.

Jana tulikwenda hospitali kwa maandalizi. Chumba kidogo, dirisha linaangalia ukuta, dawa ya kusafishia inanuka mpaka machozi. Si yule daktari mwenye jina aliyetupokea, ni daktari kijana wa kike anayeandaa wagonjwa. Akamuuliza Mama maswali, Mama akajibu kama anayetaka nafasi ya kazi. Halafu daktari akasema, "Mama, umewahi kuwashwa au kuvimba kwa rangi za kucha za jeli? Au gundi ya meno, au kucha za kubandika?"

Mama akasema, "Sijawahi, mwanangu."

"Na hizo glavu?"

"Baridi."

Mimi nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi, Kitinda, jasho linanitoka, na daktari pia alikuwa anajipepea na faili.

Nikamuuliza daktari rangi za kucha zinahusiana nini na goti. Akanieleza vizuri sana, kama mtu anayedhani anamsaidia anayeuliza. Alisema goti la chuma mara nyingi hushikizwa kwenye mfupa kwa gundi maalumu, na gundi hiyo na jeli za kucha ni za ukoo mmoja. Mtu ambaye mwili wake umeshaikataa jeli unaweza kuikataa na gundi, na gundi hiyo ikishaingia kwenye mfupa huwezi kuifuta kwa kijiti. Ndiyo maana wanauliza. Wakijua mapema kuna njia nyingine. Wasipojua wanaendelea kwa kumwamini mgonjwa.

Nilisimama pale. Nilikuwa na la kusema nikalimeza, likashuka vibaya.

Nimejaribu kukupigia. Kila nikipiga Mama anadai simu, anakusalimia yeye, mnazungumza jogoo, basi. Jana nilipopiga nikiwa nje hukupokea. Nakuuliza kwa maandishi, kama sheria yake ilivyo: nini kimeupata mkono wa Mama? Nijibu na basi la kwanza. Tarehe 17 haiko mbali.

Kaka yako

13 Aprili

Kaka,

Leo sina salamu.

Ilianza mwisho wa Februari. Nilishampaka zambarau, nikampaka na nyekundu, na baada ya hapo akawa anajikuna vidole akidhani sioni. Kisha ncha zikapasuka, pembeni mwa kucha pakatoka malengelenge madogo, na kucha mbili zikaanza kuachia. Anapenda kushika macho akiongea, unamjua, basi na kope zikavimba akawa anaona kwa shida. Nikaitoa rangi yote. Nikataka kukuandikia siku ile ile.

Barua yako ya goti ilikuwa imeshafika. Alinishika mkono kwa hivyo vidole vyake akasema, "Kaka yako akisikia, na daktari atasikia. Daktari akisikia, goti litaahirishwa. Watu wa rika langu hawaahirishiwi, Kitinda, wanasahauliwa. Ukimwambia, siku yangu ikifika usije mazishini kwangu." Nikaapa. Nilijua ni makosa nikaapa, kwa sababu hajawahi kuniomba kitu akiwa na uso ule. Ulipouliza nikakuandikia vingine hakuna. Nilidhani namlindia goti. Sikujua kwamba kilichomo kwenye vidole vyake ndicho kitakachotiwa kwenye mfupa.

Mimi la kwangu nimelisema na kiapo nimekivunja. Kama nitamzika au sitamzika, tutajua huko mbele. Imebaki zamu yako. Daktari akiambiwa vidole tu atauliza jeli gani, ya nani, ina nini. Mimi jibu hilo sina. Wewe ndiye uliyeshika wembe.

Nampa barua hii dereva mkononi. Leo jioni nitakupigia pia, sheria au si sheria. Usipopokea ujue kwamba najua umeiona.

Kitinda

20 Aprili

Kitinda,

Mama yuko hai, mzima, na mkali. Naanza na hilo ili upumue. Goti ni lile lile la zamani.

Simu yako niliiona. Niliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Barua yako niliipata tarehe 15 na nikatembea nayo mfukoni. Siku ya kwanza nilijiambia nitakwenda hospitali mchana, mchana ukapita. Ya pili nilijiambia madaktari wana vipimo vyao, wataona wenyewe. Nilikuwa nasubiri mtu mwingine aseme badala yangu, na mtu huyo hakuwepo. Asubuhi ya upasuaji nikafika, Mama ameshavalishwa gauni la kijani, amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, nywele zimefungwa kwa kofia ya karatasi. Akanichekea. Akasema, "Nikitoka humo nitakushinda mbio." Manesi wakacheka, wakaanza kumsukuma.

Nikashika kitanda. Nesi akasema, "Baba, achia." Nikashindwa kuachia. Mwishowe nikasema, "Vueni hizo glavu."

Zilikuwa za pamba nyeupe, na waliona ni za mgonjwa mwenye baridi, walipanga kumvua wakifika ndani. Mama akakunja ngumi kama mtoto aliyeficha kitu. Yule daktari kijana akaja, akainama, akamfungua kidole kimoja kimoja, taratibu. Akazivua glavu. Halafu akaniuliza mimi, si yeye.

Nikamwambia yote, pale pale kwenye korido, watu wanapita na sinia za dawa. Kwamba jeli ni yangu. Kwamba HEMA iliyomo imevuka kiwango kwa mbali, na kwamba nilijua, kwa sababu kabla mwaka huu haujaanza ofisi ya viwango ilinizuia nisiuze, mzigo ukiwa umeshajaa stoo. Kwamba niliketi na vijana wa stoo tukakwangua lebo tukabandika ua. Na kwamba ile taa niliyokutumia sikuijaribu hata mara moja. Kitinda, nilikuandikia kuwa mkono wako ni mzito. Niliiandika sentensi ile nikijua. Sijui utanisamehe lini, lakini nisamehe.

Wakamrudisha wodini. Mama akakaa akiangalia dirisha. Nikasema, "Mama." Akasema, "Mmoja ananificha mimi, mwingine anaficha chupa. Nilizaa watoto au nilizaa makufuli?" Daktari akamwambia kwa upole kwamba hata yeye alisema hajawahi. Mama akageuka, akamtazama yule binti muda mrefu. Akasema, "Nilitaka goti." Akalia. Sijawahi kumwona akilia tangu Baba, na hata kwa Baba alituambia ni moshi.

Ngozi yake imepimwa kwa viraka vidogo mgongoni. Inakataa, tena vibaya. Daktari amesema gundi ile ingeingia siku ile huenda jeraha lisingepona, goti likaachia, na wote tungekaa tunashangaa kwa nini. Kuna goti la namna nyingine linalokaa bila gundi, mfupa wenyewe ndio unaolishika. Mfupa wa Mama umepimwa wakaridhika nao. Vidole vipone kwanza, ndipo wampangie tarehe. Hatasahauliwa. Nimeapa, na mimi viapo vyangu ni vipya, havijavunjwa.

Kutoka hospitali nilikwenda ofisi ya viwango kwa miguu yangu. Duka limefungwa, wamebandika karatasi mlangoni, kesi ipo. Wifi yako haongei nami ila kupitia watoto. Mzigo wa stoo wamechukua. Wakaniuliza nilipeleka chupa saluni gani na gani, ili wakawaambie wateja waliopakwa wajiangalie. Nimetaja zote.

Zote isipokuwa yako. Waliniuliza kama kuna nyingine nikasema hakuna. Wewe hukujua, na saluni ile ndiyo jasho lako lote, sikuona kwa nini uzame kwa jiwe langu. Chupa zilizo chini ya kitanda zifukie shambani kwa shangazi na barua hii uichome. Ni kitu kimoja nilichoweza kukufanyia. Damu ni damu.

Kaka yako

28 Aprili

Kaka,

Mpe Mama salamu zangu na umwambie sijui kama bado amenikataza mazishi yake au vipi, lakini nikija nitapiga magoti yote mawili kwa niaba yake. Wifi mwambie nampa pole, na asikae kimya mno, kimya chake wewe unajua kukitumia.

Nilipofika pale uliposhika kitanda nililia. Nililia kwa shukrani, na barua nikaibusu, mimi nisiyebusu hata watoto. Ulichelewa, Kaka, lakini ulifika. La mkono mzito nimelisamehe nusu, nusu nyingine bado naifanyia kazi.

Halafu nikasoma mwisho wa barua, na machozi yakakauka.

Zawadi yako siitaki. Nimekaa na wateja wangu kwenye meza ile nikiwashika mikono, hakuna kazi nyingine ambapo mtu anakaa amemshika mwenzake mkono muda wote huo akimsimulia ya nyumbani. Nawajua mmoja mmoja. Mmoja ana meno ya kuzibwa. Mwingine binti yake anabandikwa mkononi kwa gundi kile kipima sukari, nao walikuja kupakwa pamoja siku moja, wanacheka, rangi moja. Kuna siku nao watalazwa kwenye kitanda cha magurudumu na kuulizwa swali lile lile aliloulizwa Mama. Nao watasema sijawahi. Mama alisema kwa kudanganya, wao watasema kwa kutojua, na hakutakuwa na mtoto wao pale wa kushika kitanda.

Na unasema sikujua. Nilijua kiasi changu. Nilikuwa na harufu, nilikuwa na ua, nilikuwa na taulo juu ya chupa.

Kwa hiyo nimezitoa chini ya kitanda, nikazipakia kwenye beseni, nikazibeba mpaka ofisini kwao. Yule dada wa viatu vya bapa alinipokea mwenyewe. Nikamwambia ni za kaka yangu, na kwamba saluni moja alisahau kuitaja. Nilisema alisahau, wala sikusema alificha. Hilo ndilo nililoweza kukufanyia mimi. Akaniuliza kama najua kwamba saluni itafungwa mpaka uchunguzi uishe. Nikasema najua. Imefungwa tangu juzi.

Alisema wao watatuma watu kwa wateja wangu. Nikamwomba niwatangulie, wasisikie kwa mgeni. Akakubali.

Nimeanza na mshonaji. Nilimkuta dukani kwake, sare zimeninginia mpaka mlangoni, msichana mwingine amekaa kwenye cherehani yake. Nilimweleza nimesimama. Jeli ilikuwa na nini, mwili wake huenda umeshaikataa maisha, akienda kwa daktari wa meno au hospitali aseme, asisahau kusema. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia vidole vyake, akauliza swali moja tu.

"Ulijua tangu lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Unajua utaratibu wetu, Kaka, niliojivunia miaka yote, kwamba kwangu mteja ni wa pili. Nikamwambia kwamba kabla sijampaka yeye nilishampaka Mama. Na kwamba siku aliyokaa mezani kwangu kupakwa nyekundu, vidole vya Mama vilikuwa vimeshaanza kuwasha.

Akainuka, akanifungulia mlango, akasubiri nitoke.

Kesho asubuhi naenda kwa yule mteja wa meno ya kuzibwa.

Mdogo wako,
Kitinda